Mvua ya Tingi na Simu ya Mama Mkwe

Alfani, mume wa Salima,
Tingi, Kilwa.

Kwa Shemeji Ismael,
Fundi Simu, Lindi Mjini.

YAH: OMBI LA KUONDOA PROGRAMU YA HALI YA HEWA KWENYE SIMU YA MAMA

Shemeji mpendwa,

Assalaam alaykum. Naamini barua hii itakukuta mzima, umeinamia simu za watu kama kawaida yako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi. Dada yako Salima mzima, mwanetu Imani anakwenda shule, mahindi yamefika kiunoni. Asiyejiweza ni mimi peke yangu, na ugonjwa wenyewe umeuleta wewe.

Unakumbuka ulipomnunulia Mama simu ya tachi baada ya msimu wa korosho. Tulikupongeza wote. Mimi mwenyewe nilisema mbele ya watu kwamba mtoto wa namna hii ni wa kuombewa dua. Dua ile naomba isimame kwanza mpaka jambo hili liishe. Hatukujua kwamba humo ndani umemwekea na programu ya kutabiri mvua, tena umemwandikia sehemu mbili: Kitomanga anakokaa yeye, na Tingi ninakokaa mimi. Kitomanga sikatai, mtu ana haki ya kujua mvua ya kwake. Tingi inamhusu nini?

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Programu yako imevunja adabu. Wewe umezaliwa Kitomanga, unajua kwamba mkwe hamkatalii mama mkwe. Akiniita kupalilia mikorosho ninaitika "ndiyo, Mama", na kichwa nakiinamisha hata kama ni kwenye simu asikoniona. Lakini binadamu ana siku ambazo hawezi, au hapendi, au kuna mpira. Siku hizo mimi sikatai. Mvua ndiyo hukataa kwa niaba yangu. Nampigia, nasema huku Tingi mvua imefunga toka alfajiri, naye anasema alhamdulillahi, hiyo neema, na kila mmoja anabaki na heshima yake. Miaka yote ya ndoa yangu tumeishi hivyo, mimi na Mama na mvua, bila ugomvi. Jumamosi iliyopita nikasema imefunga. Nikasikia kidole kinagonga kioo, kisha akaniuliza kwa upole sana, "Baba Imani, hiyo mvua inanyesha upande gani wa Tingi? Maana hapa naliona jua, tena limevaa miwani."

2. Asilimia. Nani kamfundisha Mama asilimia? Zamani mvua ilikuwa ipo au haipo. Sasa ananiambia uwezekano wa mvua Tingi ni asilimia thelathini, kwa hiyo zile sabini zangu azione Kitomanga. Nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba mtu hawezi kusafiri nusunusu. Akasema basi nije mzima, na hizo thelathini nizibebee mwavuli.

Usidhani ni uvivu, shemeji. Jembe nalijua. Kinachonishinda ni ukweni kwenyewe. Pale siwezi kunyoosha miguu, siwezi kukohoa nikashiba kukohoa, na kwenda kuoga nizungukie nyuma ya nyumba kama mwizi ili Mama asinione na taulo. Chakula napewa kingi, nami nakila kidogo kwa heshima, na heshima haishibishi. Mtu akipalilia kutwa nzima kwa hali hiyo, usiku analala anasikiliza tumbo lake.

3. Utabiri umeingia mpaka ndani ya nyumba yangu. Kila baada ya sala ya alfajiri unaingia ujumbe wa sauti kwa Salima. Leo jua, anikeni makopa ya muhogo. Kesho jioni manyunyu, Baba Imani apande akatazame makuti ya jikoni. Makuti hayo nilikuwa nimeyaacha kwa busara tangu mwaka jana, maana wakati wa jua hayavuji, na wakati wa mvua hayapandiki. Sasa inasemekana kuna siku katikati. Nimekuwa kibarua wa wingu ambalo halijafika.

4. Maradhi haya yanaambukiza. Jirani yangu Kornelio alikuwa na bahati kunizidi, kwa sababu wakwe zake wako Pande na yeye alikuwa akisema barabara haipitiki. Mkewe Agnes amekwishawekewa programu hiyohiyo. Kornelio analima Pande, na amekonda. Hata mkutano wa kijiji umeharibika. Zamani likitanda wingu, mwenyekiti anaahirisha na sote tunakwenda zetu. Safari hii akinamama wakatoa simu wakasema wingu hilo linapita, na likapita kweli. Tukabaki pale tukagawiwa mashimo ya vyoo vya shule. La kwangu lina mwamba.

5. Hapa naomba uweke bisibisi chini usome vizuri, kwa kuwa sasa nalisemea taifa. Leo umefichua mvua. Kesho utafichuliwa mtandao unaosumbua, gari lililoharibika, simu iliyoisha chaji. Keshokutwa mtu anayesema yupo njiani ataonekana yupo kitandani. Nchi itakwenda vipi? Nani atamdai nani bila kupigana? Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema ni simu, na walikuwa na sababu zao, kwani nao walikuwa na wakwe.

Sasa nifike kwenye kiini, ambacho hakinichekeshi. Mama amesema kwamba kama Jumamosi hii sitaonekana Kitomanga na jembe langu, Salima aende nyumbani akapumzike kidogo. Akufukuzaye hakwambii toka. Salima hajachoka, na mapumziko ya aina hiyo wewe na mimi tunayajua. Anayekuja kumchukua mtu ni Mjomba wenu Hussen, na Mjomba akishakanyaga uwanja wako, habari inatoka mikononi mwa mume na mke inakuwa ya ukoo mzima. Nampenda dada yako. Naliandika waziwazi kwa kuwa kwa mdomo sijawahi kukuambia.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, uchague lililo jepesi kwa ufundi wako:

(a) Uiondoe kabisa programu hiyo, au

(b) kama haiondoki, uiwekee Tingi mvua kila Jumamosi, kuanzia asubuhi mpaka mpira uishe. Iwe ya wastani. Radi sihitaji, nisije nikaonekana nina tamaa.

Natanguliza shukrani, nikiwa na imani kwamba fundi aliyeliweka jua hilo kwenye kioo anajua pia pa kulizimia. Msalimie Hafsa na watoto, wasalimie jirani zako wa dukani, wasalimie na wateja wote, ukiacha wanaokuja kuwekewa programu. Mama usimpe salamu zangu, hali yangu anaijua kabla sijaamka.

Ni mimi shemeji yako mtiifu,
Alfani.

Nakala: Kornelio, kwa taarifa na faraja.

Tanbihi: Barua hii nilikuwa sijaifunga. Kumbe Salima aliipiga picha nilipokwenda kisimani akakurushia, na wewe, kwa haraka ambayo hujawahi kuwa nayo katika jambo lolote la maana, Alhamisi ukapita Kitomanga ukaiondoa programu. Asante. Leo ndiyo Jumamosi. Nimeamka na jembe na nauli mfukoni, na huku Tingi imefunga toka alfajiri. Imefunga kweli, shemeji. Kijito cha kutokea barabarani kimefurika, na Kornelio aliyejaribu kuvuka na pikipiki amerudi bila pikipiki. Nimempigia Mama, ameniuliza imefunga upande gani. Nimempa Salima athibitishe, Mama amesema mke mwema humsitiri mumewe. Nimetoa simu nje asikie mwenyewe, amesema hata samaki wakikaangwa wanalia hivyohivyo. Nimemtumia video, amesema hiyo ya mwaka jana. Mjomba Hussen ameshavaa viatu. Atakapofika kijito kitakuwa kimepungua, na mchanga wa Tingi unavyokunywa maji, ataniona mbele yake mwongo mkavu. Salima anakurushia na picha ya maneno haya. Ukiyapata funga duka, panda chochote kinachokwenda Kitomanga, umrudishie Mama programu yake leo hii, na Tingi uiandike ya kwanza juu. Fanya upesi, kwa sababu ile programu haioneshi mvua iliyopita, inaonesha inayonyesha sasa hivi. Mimi huku nimetandika mswala, namwomba Mungu isikatike.