Mchujo Wenu Umemnyima Mwanangu Jina

Haxley Bridge,
Alhamisi, mwanzoni mwa mwezi wa tano.

Ndugu Katibu wa Ligi,

Salamu zikufikie huko ofisini, wewe pamoja na wote wanaokusaidia kupanga ratiba. Sisi huku hatujambo, isipokuwa usingizi. Naandika kwa adabu zote, mtoto akiwa begani, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi ni maziwa, si machozi. Machozi nayo yapo, ila nimeyaweka akiba.

Naitwa Leanne Sowerby, mke wa Gareth Sowerby, shabiki wa Haxley Bridge Town ya daraja lenu la sita. Mwishoni mwa mwezi wa tatu nilijifungua mtoto wa kike. Siku hiyo timu ilikuwa ya kumi na mbili: haipandi, haishuki, haimsumbui mtu. Jioni wakashinda. Jumamosi iliyofuata wakashinda tena. Waliposhinda ya tatu, Gareth alinikuta nimevaa koti, nimembeba mtoto, naelekea ofisi ya kuandikisha vizazi. Akajitanua mlangoni kama kipa. "Leanne mpenzi, ngoja kwanza! Tangu azaliwe huyu hatujafungwa. Hana jina, hatufungwi. Usiguse kitu!"

Hatujafungwa mpaka leo, tumepanda mpaka nafasi ya saba, na mtoto hana jina mpaka leo. Sheria ya nchi inampa mzazi wiki sita, nazo zinaisha kesho. Fainali ya mchujo ni Jumapili. Basi pokea malalamiko yangu. Nimeyapa namba usije ukapotea njiani.

1. Mchujo wenyewe. Bingwa anapanda daraja, na wa pili hadi wa saba mnawachuja wagombee nafasi moja iliyobaki. La bingwa naelewa, ingawa shule yangu ilikuwa ya kawaida. Lakini wa pili, aliyetupita pointi kumi na tisa kwa jasho lake, anaambiwa akae asubiri mpaka sisi wa saba tumgongee mlango. Mimi napakua chakula shuleni. Mtoto wa saba akijipenyeza mbele ya wa pili tunamshika mkono tunamrudisha nyuma, na hatumwiti shujaa. Ninyi mnamuuzia tiketi. Bila mchujo wenu, wa saba angekwenda zake nyumbani mwezi wa nne, na mwanangu angekuwa na jina.

2. Jina mtaani halingojei wazazi. Mwenye baa akituona anapaza sauti, "Bila-Kufungwa kaamkaje leo?" Muuza mikate naye, "Mlete Bila-Kufungwa nimguse kidole!" Juzi mtoto aligeuka alipoitwa hivyo. Wahenga wanasema jina jema hung'ara gizani. La mwanangu, ambalo ni la bibi yangu aliyenilea, tulilichagua kabla mtoto hajazaliwa. Limekaa gizani vya kutosha, lisingoje mikwaju ya penalti.

3. Wakubwa wangu wamenigeuka. Mama mkwe, Maureen, mwanzoni alikuwa upande wangu. "Mwanangu, huo ni upuuzi. Huyu ni mtu, si paka." Tukashinda ugenini mabao manne. Kesho yake alikuja na pai ya nyama, akaketi, akaitazama chai yake. "Lakini Leanne, watu wa zamani hawakuwa na haraka ya majina." Nikamkimbilia mchungaji wetu, Mama Hilary, nikidhani ubatizo utaniokoa. Akafungua kalenda, akafunga kalenda. "Jumapili hiyo kanisa litakuwa tupu, binti yangu. Hata mimi sitakuwepo."

4. Kocha alikuja nyumbani. Sijui kama kanuni zenu zinaruhusu. Alivua kofia, akasafisha koo. "Mama, mimi si mtu wa ushirikina." Nikamwambia karibu, hata mimi si mtu wa kulala. Akasema, "Nina fundi bomba mwenye goti bovu, nina mwalimu wa hesabu anayecheza beki, na kipa wangu anaogopa krosi. Kwa mpira tunaocheza, nafasi ya saba hatukustahili. Sasa niambie, ni nini kinachotubeba?" Nikamjibu kwamba kinachobebwa hapa ni mtoto, na anayembeba ni mimi. Akacheka, akaomba aguse unyayo wake. Nilimruhusu, maana mtoto alikuwa amelala, na kubishana kungemwamsha.

5. Nusu fainali. Penalti yetu ya mwisho iligonga mwamba, ikamgonga kipa wao mgongoni, ikaingia. Refa wenu akaikubali! Ningekuwa mimi ningeikataa, kwa maslahi ya watoto. Badala yake watu wazima walimnyanyua mwanangu juu kama kombe, yeye akamtapikia fundi bomba, na fundi bomba akaapa hataifua jezi ile.

Kwa hiyo naomba kwa heshima mojawapo ya haya. Ama mfute mchujo mara moja, wa pili apande kama haki ya Mungu. Ama fainali ichezwe leo usiku, ili kesho asubuhi niwe huru kwa vyovyote. Ama mtuletee refa mkali, tufungwe kistaarabu, mabao matatu yanatosha. Kama yote yanawashinda, basi ligi imsajili mtoto huyu kama mnavyosajili wachezaji, na ninyi ndio mumweleze siku akiuliza kwa nini.

Gareth nimeshamwambia: kesho nakwenda, hata iweje. Amejibu kwa sauti ya msiba, "Sawa mke wangu. Ila ukifika pale, wafikirie mashabiki elfu mbili." Nimemwambia nitamfikiria mmoja.

Nisalimie waamuzi wote, wapanga ratiba, na mama watoto wako, ambaye naamini watoto wake wana majina.

Wako katika kukesha,
Leanne Sowerby (Bi.)

N.B. Ijumaa jioni. Nilikwenda. Niliketi mbele ya mama msajili, akashika kalamu, akaniuliza kwa upole, "Jina la mtoto?" Nikafungua mdomo. Hapo likanijia jambo ambalo Gareth halijui, nawe usimwambie. Tangu siku ya kwanza, kila ninapomnyonyesha, namwita kwa jina lake, sikioni, taratibu. Kwa hiyo hesabu ya Gareth ni uongo mtupu: mtoto analo jina, tena analijua, na mechi zote hizo tumeshinda akiwa nalo. Ila halijaandikwa popote, na huenda hapo ndipo bahati ilipo. Nikafunga mdomo. Nikamwambia mama msajili nitarudi Jumanne, anigombeze atakavyo. Basi malalamiko yaliyo hapo juu uyaweke kando. Msifute kitu, msibadilishe refa, na kama mchujo lazima ufutwe, ufuteni mwakani tukiwa tumeshapanda. Ungetaka kujua jina lenyewe ni nani, lakini kalamu hii haitaliandika. Barua za ligi hupita mikono mingi, na Jumapili tunacheza ugenini.