Mapazia Niliyoyafua

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya zimamoto imefika. Mkaguzi anakuja Ijumaa kukagua mapazia ya jukwaa. Meneja kaniita, kaniambia kwa upole kwamba ukumbi ukifungwa, mahafali ya Jumamosi hayapo, na mimi mwangalizi wa ukumbi sina kazi. Nikamjibu alale usingizi. Mapazia nimeyafua mwenyewe wiki iliyopita, mara mbili, kwa sabuni ya unga. Yananukia! Hilo la kufua sikumwambia, nilitaka alione mwenyewe anisifu.

Jioni nikasoma lebo, mara ya kwanza kwa miaka sita. Usifue kwa maji, maji huondoa dawa ya kuzuia moto. Wino mwekundu. Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata njia! Stoo kuna kipande kilichobaki mapazia yalipofupishwa. Hakijawahi kuona maji. Nikakiwashia kiberiti: kikafuka, kikazima. Nikajaribu uzi wa pazia nililofua. Nikakimbilia ndoo.

Mkaguzi hukata sampuli palepale kila mwaka, kona ya chini kushoto, upande wa nyuma. Alama za mkasi wake zipo. Basi kona hiyo nitaipa kipande hicho chenye dawa, hizo nyingine Mungu atazilinda. Mke wangu ameshauri nimwambie meneja ukweli, aitwe mtu wa dawa, siku tatu zinatosha. Mke wangu ni mtu mwema lakini hana ubunifu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeshona. Vidole vinne vimetobolewa. Kiraka kimekolea rangi kuliko pazia, lakini nyuma ya jukwaa nani anaona?

Mama mkwe ameona. Amekuja kwa ajili ya mahafali ya mjukuu wake, yaani binti yangu, akaniletea chakula ukumbini. Alikuwa fundi cherehani miaka thelathini. Akauliza nani kashona pale. Nikasema kuna fundi mmoja. Akasema fundi huyo anyang'anywe sindano.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe hakushinda nyumbani leo. Sikuuliza. Nimekula kwa amani.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne kamili mkaguzi akaingia, moja kwa moja hadi kwenye kona yangu. Nilikuwa natabasamu. Akakata, akashika kwa koleo, akawasha.

Kiliwaka! Moto ulipanda hadi kwenye koleo, akakitupa kwenye ndoo. Nikaangalia kona. Mshono umenyooka kama rula, rangi imefanana kabisa. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Akamweleza mkaguzi kwa fahari kwamba kashona yeye, kwa kitambaa alichokitoa kwenye pindo la pazia lenyewe ili rangi zisipishane, maana kiraka cha kwanza kilikuwa aibu ya ukoo. Mkaguzi akauliza, kiraka cha kwanza kipi?

Njia ya mwongo ni fupi. Nikasema yote, meneja akisikia.

Mkaguzi hakufoka. Aliuliza tu kesho nani atakaa karibu na jukwaa. Wahitimu, nikasema. Binti yangu yuko safu ya kwanza. Ndipo nikakaa sakafuni. Niliogopa kweli, kuliko nilivyowahi kuogopa.

Jumamosi, 9 Machi
Tumeshusha mapazia yote. Mkaguzi akaruhusu mahafali yafanyike bila hayo. Binti yangu kapokea cheti mbele ya ukuta wenye madoa, na nimelia kama mtoto. Mama mkwe hasemi nami. Anawaambia ndugu kwamba kazi yake nzuri kuliko zote imechomwa moto mchana kweupe kwa sababu ya mkwe.

Jumatatu, 11 Machi
Barua ya onyo, ya mwisho. Mapazia yamekwenda kwa mtu wa dawa, yatarudi na cheti. Nimemwapia mke wangu kwamba ujanja basi. Kanishika mkono, kaniamini.

Jumatano mkaguzi anarudi kuangalia mitungi ya kuzimia moto. Nimeichungulia. Ule wa karibu na jukwaa mshale wa kipimo umetoka kwenye kijani, umeangukia kwenye nyekundu: mtungi umeisha nguvu. Kumwambia meneja leo, na barua yenyewe haijakauka wino? Hapana. Kioo cha kipimo kile ni kidogo mno, na rangi ya kijani ninayo.

Mke wangu kauliza brashi ni ya nini. Nimemwambia ya dirisha.