Stendi ya Kilo Moja

Jumanne, 4 Machi

Siku kubwa leo! Nimepewa kazi ambayo hajawahi kupewa mtu yeyote katika ukoo huu, tena sikuiomba. Kusema kweli niliiomba kidogo. Nilipanda juu ya kiti.

Kikao cha familia, kwa Mama. Wiki ijayo anahamia kwa dada yangu mkubwa. Chumba atakachopewa ni kidogo: kitanda, kabati, dirisha, na ukutani msumari mmoja. Dada hataki ugongwe wa pili, ukuta ni wa mbao nyembamba. Mama akasema sawa, picha zake zote za sebuleni zilale sandukuni, yeye anataka moja mpya. Watoto wake wanne, wakwe, wajukuu, wote ndani. Halafu akanigeukia mimi. Akasema, "Na wewe uwemo."

Hapo ndipo penye jambo. Mimi ndiye mpiga picha wa familia hii tangu naota ndevu. Kila picha ya pale sebuleni ni kazi ya mikono yangu. Kwa hiyo simo hata katika moja. Iko moja ambayo kivuli changu kimelala majanini, kofia na viwiko, basi. Mwaka jana mgeni mmoja alihesabu watoto ukutani akapata watatu, akampa Mama pole kwa yule wa nne. Mama akamjibu kwamba yule wa nne yuko jikoni anakula.

Shemeji, mume wa dada, mhasibu, akadakia. Eti ana simu mpya na fimbo yake, unainyoosha hivi, kila mtu anaingia. Nikamwambia shemeji, fimbo ni ya kuchungia mbuzi. Watu wakacheka. Ndipo nikapanda kiti. Nikatangaza kwamba nitapiga kwa Mzinga, yaani kamera yangu na ile lenzi yake ndefu. Nitaiweka juu ya tripodi, stendi ya miguu mitatu. Nitabonyeza, itahesabu yenyewe, nami nitatembea taratibu kwenda kukaa ubavuni mwa Mama kama waziri.

Picha ni Jumamosi, juu ya kilima chenye mnara wa redio. Mama anapapenda, mji wote unauona chini. Dada ametoa amri: kibasi cha kukodi ni kidogo, kila mtu mkoba mmoja wa kupakata.

Stendi yangu ya zamani haipakatiki na mtu ambaye bado anataka kuzaa. Aliitengeneza fundi wa mageti, chuma kitupu. Nilipopanda nayo treni mkaguzi aliiomba tiketi. Mashahidi wapo, ila wamehama.

Kesho natafuta stendi ya safari. Nyepesi! Ya kujikunja! Mikono inaniwasha.

Jumatano, 5 Machi

Nilifika duka la vifaa vya picha kabla ya mwenyewe. Nikamsubiri kwenye ngazi. Alipofungua nikamweleza ni nani aliyemtembelea leo: mtu aliyepiga picha ya radi. Radi ilipiga mara ya kwanza nikaikosa, nikaiambia irudie, ikarudia. Akasema, karibu mzee. Mzee! Nikamezea, maana nyuma yake stendi zilikuwa zimesimama kama gwaride.

Akaanza na nyeusi ya kung'aa. Eti ya kaboni. Kaboni ninayoijua mimi ni ile karatasi ya bluu ya kunakilia risiti. Niweke Mzinga juu ya karatasi? Nikaisukuma pembeni.

Akaleta za alumini. Akanifundisha vifungo: vya kuzungusha na vya kubana. Akanionyesha miguu inavyopinduka juu ikajikunja kama mwavuli. Hapo nilipiga kelele mpaka mteja mwingine akachungulia. Akasema nisidanganyike na ufupi, mguu wenye vipande vingi hujikunja vizuri lakini vile vya chini huwa vyembamba na hutikisika. Nikamwambia hata ng'ombe mguu wake wa chini ni mwembamba na amesimama. Akaanza kuzirudisha rafuni.

Zikabaki mbili. Boksi la kwanza limeandikwa KILO 8. La pili, KILO 1. Sasa angalia maarifa. Ile ya kilo nane niliishika, na mkononi ilikuwa nyepesi kama ufagio. Mjinga angeinunua. Mimi nimesoma. Huwezi kuusikiliza mkono wakati maandishi yapo. Kilo nane ni karibu nusu debe! Nikachukua ya kilo moja.

Mwenye duka akafungua mdomo aseme kitu, ila mwanamke wa picha ya pasipoti alikuwa anaita kutoka nyuma ya pazia. Aliporudi akanionyesha ndoano ndogo katikati ya miguu, chini. Akasema kukiwa na upepo nitundike mkoba hapo, stendi iwe nzito isiyumbe. Nilimtazama kwa huruma. Mtu ahangaike kutafuta kitu chepesi, kisha akitundikie mzigo? Ni kunyoa kipara halafu kuvaa wigi.

Nimeipakata mpaka nyumbani. Inakaa kama mtoto aliyeshiba.

Alhamisi, 6 Machi

Jambo la ajabu. Nimeipeleka stendi buchani ipimwe, nipate cha kumwambia shemeji. Haifiki robo tatu ya kilo! Maishani mwangu nimepunjwa sukari, nimepunjwa mchele, leo ndiyo mara ya kwanza nimepunjwa nikashangilia. Kiwanda chenye adabu namna hii! Wanaandika moja kumbe hata moja haifiki.

Nikapima na Mzinga. Kilo mbili na kitu. Muuza nyama akasema ni sawasawa na paja la mbuzi. Nikatembea barabarani kifua mbele.

Mke wangu aliyaharibu yote mezani. Alichukua boksi, akavaa miwani, akalizungusha. Akaniambia, "Baba Watoto, hii kilo moja ndiyo mzigo inaobeba. Siyo uzito wake."

Nikamuuliza kwa upole kama anadhani kiwanda kizima kinaweza kutengeneza stendi isiyobeba hata kuku. Akasema kuku mdogo inabeba. Nikamweleza kwamba mfuko wa mchele ukiandikwa kilo tano, ndani mna kilo tano za mchele, siyo kwamba mfuko umeruhusiwa kubebeshwa kilo tano. Alivua miwani. Kisha akaniuliza kama nitaongeza mboga.

Nilimshinda. Nikaongeza mboga.

Ijumaa, 7 Machi

Majaribio. Nimeisimamisha sebuleni, miguu nimeivuta yote, nikaweka juu yake kofia yangu. Imesimama asubuhi nzima! Haikutikisika hata mlango ulipobamizwa. Nimewaita majirani wawili kuja kuona. Mmoja aliuliza kama ni stendi ya kofia.

Mke wangu akashauri niijaribu na Mzinga wenyewe. Nikamwambia gauni la bibi harusi halivaliwi siku moja kabla. Akasema lake alilijaribu mara nne. Akaenda kukunja nguo, anacheka na shuka.

Jioni shemeji akapita, eti alikuwa njiani. Njiani kwenda wapi, na huu ni mwisho wa barabara? Alitaka kuona. Nikamwekea stendi mkononi imejikunja, nikamwambia afumbe macho aseme ameshika nini. Akasema antena. Wivu, shemeji, wivu! Akaniambia atakuja na fimbo yake kesho kwa dharura. Nikamwambia aje nayo, tutachomea nyama.

Nimenunua soksi mpya. Zitaonekana kwenye picha itakayokaa ukutani mpaka wajukuu wa wajukuu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kabla hata ya kula.

Asubuhi ilikwenda kama wimbo. Kwenye gari kila mtu alipakata mzigo wake akilalamika, mimi napiga mbinja. Dada alishika sufuria. Shemeji fimbo yake ilimchoma dereva kisogoni. Mama alikaa mbele, kilemba kipya, anatabasamu tu.

Juu kilimani upepo ulikuwa wa kupeperusha kofia. Dada alitandika shuka lake jeupe na kuamuru kila mtu avue viatu na soksi, asimchafulie. Soksi zangu! Nilizikunja mfukoni. Wakakaa mistari miwili, Mama katikati, ubavuni mwake nafasi yangu. Ameiwekea mkono asikae mtu.

Nikafungua stendi mbele ya macho yao. Mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wajukuu walipiga makofi. Nikapandisha Mzinga, nikakaza kila kinachokazwa. Ndoano nikaitundikia kofia, isiseme haikutumiwa. Nikabonyeza. Ikaanza kulia, ti, ti, ti. Nikakimbia (kutembea kama waziri kulishindikana, mteremko), nikaketi. Mama akanishika goti.

Nikatazama mbele kwa heshima na nikaona lenzi inainama. Polepole, kama mzee aliyesinzia kwenye mkutano. Ikafika chini, ikatulia, ikapiga.

Nikarudi, nikakaza zaidi, nikabonyeza tena. Safari hii mguu mmoja ndio uliochoka. Ulipiga goti kwanza, kwa adabu, kisha stendi nzima ikajilaza upande wa kushoto. Niliruka, nikafika nimechelewa. Mzinga ulidakwa na mke wangu. Alikuwa ameshatoka kwenye mstari na kusimama pale pale ulipoangukia, mikono wazi. Sijui alijuaje.

Wajukuu walianguka kwa kicheko. Shemeji hakucheka, nampa haki yake. Alinyoosha fimbo tu, akapiga. Halafu mvua ikaja kutoka upande wa mnara na tukakimbilia garini, shuka juu ya kichwa cha Mama.

Njiani tukaiangalia ya simu. Yupo dada, wapo kaka zangu, wapo watoto. Mbele kabisa lipo paji la uso la shemeji, pana kama ubao wa matangazo. Nyuma ya paji hilo, sikio. Ni langu.

Shemeji akasema kwa sauti ndogo kwamba angejua angeinama. Mama aliipokea simu, akaitazama, akairudisha. Nimekaa kiti cha nyuma na stendi magotini. Kweli haina uzito.

Jumatatu, 10 Machi

Sikiliza! Sikiliza!

Nilikwenda studio kusafisha ya simu tu, ndiyo hiyo iwekwe ukutani, nimeshakubali. Lakini kile kijichipu cha kutunzia picha cha Mzinga nacho kilikuwa mfukoni, na yule wa studio akasafisha kila alichokikuta. Nikazipeleka kwa Mama kwenye bahasha. Dada na shemeji walikuwa pale wanafunga masanduku.

Mama akaitoa ya paji la uso, akaiweka kando. Akatoa ile iliyopigwa lenzi ikiwa imeinama. Nikataka kuinyakua. Ni miguu! Shuka jeupe na miguu mitupu, safu mbili, hakuna hata uso mmoja. Nikaanza kumweleza kuhusu upepo.

Mama akanyanyua kidole ninyamaze. Akaisogeza dirishani. Akaanza kugusa mmoja mmoja. Huyu mkubwa wangu, dole gumba limekunjamana kwa viatu vya shule vilivyombana. Huyu wa pili, alikanyaga chupa. Huyu wa tatu, nyayo bapa kama za baba yake. Wajukuu akawataja wote, hakukosea. Shemeji alimtambua kwa kucha, akasema zimekatwa sawasawa kama hesabu, na shemeji akafurahi kupita kiasi.

Kidole kikafika ubavuni mwake mwenyewe.

"Na huyu ndiye wangu wa nne," akasema. "Mguu wa kushoto unaangalia ndani, tangu anajifunza kutembea. Niliuosha kila jioni nikidhani utanyooka."

Dada akanong'ona kwamba Mama, hiyo ni picha ya miguu. Mama akasema anaona. Nyuso watakuwa wanamletea wenyewe kila wiki, la sivyo asiwaone tena kabisa. Akampa shemeji picha apime fremu.

Nilikwenda jikoni kunywa maji. Nilikunywa mengi.

Jumatano, 12 Machi

Imetundikwa! Msumari mmoja, fremu ya kahawia, mbele ya kitanda. Mgeni wa kwanza amehesabu watoto na kupata wanne. Mama mwenyewe ndiye aliyemwonyesha.

Shemeji aliniuliza, tukiwa wawili, nilifanyaje kuipata pembe ile. Nikamwambia ni mbinu ya zamani, huiachi stendi itazame unapotaka wewe, unaiacha itazame inapotaka yenyewe. Aliandika kwenye simu yake. Nimeanza kufikiria matangazo: Picha za Miguu, Harusi na Vikao. Kaka zangu wamecheka, lakini hata ile ya radi waliicheka.

Kilichobaki ni kurekebisha tatizo dogo. Nimelichunguza usiku na mchana na nimelipata. Stendi iliinama kwa uzito wake yenyewe. Ni hilo tu! Kilo moja bado ni nyingi kwa miguu myembamba vile. Leo nimepita dukani na kwenye kioo nimeona nyingine, fupi kama kalamu mbili, boksi limeandikwa NUSU KILO. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Mwenye duka aliponiona alishusha pazia, nadhani ni muda wa chakula.

Nimemweleza mke wangu mpango wote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo zuri sana. Kisha akaniuliza kama duka lile linauza glavu za golikipa.

Sijui anazitakia nini. Kesho nitamuulizia.