Zamu ya Kwanza kwa Kila Mtu

Jumatatu, 3 Juni
…na si mabega tu! Sauti pia. Khushnud wangu akiita ng'ombe, ng'ambo ya bonde watu wanageuka. Leo siku ya kumi na tisa tangu harusi, na nikimwona ananawa uso bado nasahau nilikuwa nafagia nini. Mtu kama huyu kazaliwa kuongoza. Na mirobu wetu, mgawa maji ya mfereji, amezikwa juzi. Mungu amrehemu; nafasi iko wazi.

Mpinzani: Zikrullo. Mfupi. Matope mpaka magotini. Ukimuuliza jambo, huenda kwanza kutazama. Kiongozi gani huyo!

Mpango wangu: Khushnud aiahidi kila nyumba zamu ya kwanza ya maji. Aliuliza itawezekanaje. Nikamwambia kiongozi hajiulizi. Akanibusu kichwani. Ah!

Alhamisi, 6 Juni
Ameshinda! Wazee walikula pilau yangu sahani mbili mbili, wakainua mikono. Zikrullo alimkabidhi sepetu ya marehemu, akamwambia aanzie mkiani mwa mfereji, kwa Bibi Oyshagul, maana kule maji yakichelewa hayafiki kabisa. Wivu mtupu.

Bibi Oyshagul ni mjane. Bustani yake ya vitunguu iko mwisho wa mfereji, na ndiyo riziki yake ya msimu wa baridi. Alimshika Khushnud mashavu: "Mwanangu, umeniahidi, eh?" Khushnud akasema ndiyo. Anavyoisema! Neno "hapana" halijui kabisa. Roho safi.

Jumapili, 9 Juni
Watu hawana subira. Nyumba saba zimefungua milango yao ya maji kwa pamoja, kila moja ikidai ndiyo ya kwanza. Jirani yetu Sharofat kampiga shemeji yake kwa ndoo.

Wakaja kumwita Khushnud akautembee mfereji. Nikasimama mlangoni. Tumo ndani ya siku arobaini za harusi. Bibi harusi akiachwa peke yake, jini huingia! Mama mkwe akasema desturi hiyo ni ya jua likizama, na sasa ni saa nne asubuhi. Nikajifanya sikusikia. Viatu vyake vyeupe vya harusi kwenye matope yale? Thubutu!

Bibi Oyshagul ametuma salamu kuwa vitunguu vimelala. Khushnud amejibu: kesho.

Jumatano, 12 Juni
Joto. Bibi Oyshagul amekuja mwenyewe, kitunguu mkononi, kimesinyaa. Nikamwambia mirobu amepumzika. Akasema marehemu hakuwahi kupumzika mwezi Juni. Nikamkumbusha jinsi Khushnud alivyomtabasamia siku ile.

"Sasa binti, nikamwagilie hilo tabasamu?"

Kakiacha kitunguu kizingitini. Uchafu, na nilikuwa nimeshafagia.

Ijumaa, 14 Juni
Siku mbaya. Bibi Oyshagul alichukua sepetu yake mwenyewe akapanda kwenda kuifunga milango ya wenzake peke yake, juani. Akateleza kwenye mawe. Nyonga imevunjika. Alilala pale mpaka Zikrullo alipopita, akambeba mgongoni.

Khushnud aliposikia aliketi kitandani, akasema kosa ni lake. Nikamziba mdomo kwa kiganja! Kiongozi hatamki neno hilo. Nikamwandikia hotuba: kosa ni la mteremko. Akaisoma mbele ya wazee kwa sauti nzuri ajabu. Hakuna aliyeinua macho. Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Leta sepetu."

Jumanne, 18 Juni
Mirobu ni Zikrullo. Siku ya tatu sasa maji yanafika mkiani, ila hakuna cha kunywesha; bustani yote imekauka. Binti wa Bibi Oyshagul amekuja kuwachukua kuku na kuifunga nyumba. Daktari kasema mama hatatembea tena.

Khushnud hali chakula. Leo kaenda kuzibua mfereji pamoja na Zikrullo, na viatu vyeupe vile vile. Karudi matope mpaka magotini. Mpenzi wangu! Mfereji ulikuwa mdogo mno kwake, ndiyo shida. Lakini vuli hii kuna uchaguzi wa wilaya, na mpango ninao: kila kijiji kiahidiwe barabara ya kwanza.

Tunachokosa ni barua ya sifa kutoka kwa mtu aliyeuonja uongozi wake. Bibi Oyshagul ana nafasi sasa. Yuko hospitali ya wilaya, kitanda cha dirishani. Nitampikia pilau yenye vitunguu vingi, nichukue na wino, atie dole gumba kwenye barua. Kabla mwezi huu haujaisha, nitakwenda kumtembelea.