Nyumba ya Chuma Mgongoni mwa Pikapu

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kitale.
Nimepata! Chepngeno, daktari wa mifugo, anataka nyumba ya kulala juu ya pikapu yake. Amechoka kulala ameketi kwenye usukani kila akipanda Mlima Elgon kuchanja mbuzi. Anataka kitanda, jiko, mlango, na kitu kisichovunjika. Nikamwambia neno kuvunjika halijulikani katika karakana yangu. Akakitazama kiti nilichomkalisha. Mguu mmoja wa kiti nimeufunga kwa waya tu.

Ikimpendeza, wenzake watano nao wataleta magari yao. Isiponipendelea bahati, yote yataenda kwa Mzee Kamaljit, tajiri wangu wa zamani. Miaka kumi na mmoja nimemchomelea bodi za malori. Hata siku moja hajasema, "Khisa, umefanya vizuri." Sasa ataona.

Jumatano, 5 Machi.
Mchoro tayari. Chuma chini, chuma juu, chuma ubavuni. Hata rafu ya sukari ni chuma. Sellah, mke wangu, akachungulia na kuuliza kama Daktari anaenda kuchanja au kupigana vita. Mwanamke huyu!

Nikakutana na Mzee Kamaljit kwenye duka la misumari. Bila kuulizwa akaniambia nisichomelee nyumba moja kwa moja kwenye fremu ya gari. Ati barabara mbaya hukunja fremu, kwa hiyo niweke vipande vya mpira kati ya fremu na nyumba, nyumba ipate kucheza. Nyumba ipate kucheza! Nikamshukuru. Ni wazi anataka nishindwe.

Jumamosi, 15 Machi.
Imekwisha. Kila pembe nimeichomelea mara mbili, moja kwa moja kwenye fremu. Hakuna kinachocheza. Gathii, jirani yangu fundi wa rangi, akasema pikapu imeinua pua kama ng'ombe anayenusa mvua. Nikamwambia ashughulike na brashi zake.

Jumapili, 16 Machi.
Jaribio hadi Bokoli. Lami karibu njia yote. Mlango ulifunguka na kufungika kama wa benki. Nimeandika kwenye ripoti ya Daktari: imejaribiwa katika kila aina ya barabara.

Jumanne, 18 Machi. Juu ya Kapsokwony.
Ole wangu.

Mimi na Daktari tulifika salama kwa wafugaji. Daktari akaingia ndani kutayarisha chanjo, akafunga mlango vumbi lisiingie. Mimi nikaona jiwe zuri. Nikapandisha gurudumu moja juu yake, picha itoke kishujaa. Kitu kikalia paa! Kumbe ni pembe moja ya nyumba imeachia. Mlango ukagoma.

Nikavuta. Wafugaji wakavuta. Mmoja akauliza kama nimeleta jela. Nikamsihi Daktari kupitia dirisha lisilopitisha hata bega atulie.

"Nimetulia, Khisa," akasema. "Niko na chanjo ya mbuzi mia mbili na barafu inayeyuka. Fungua."

Mama mmoja akauliza, "Si ushuke tu kwenye jiwe, bana?" Nikajaribu. Gurudumu la nyuma likachimba shimo na kujizika hadi ekseli. Uzito! Hayo nayo nitasingiziwa mimi.

Daktari hakungoja. Akampigia simu Mzee Kamaljit, kisha akatoa mkono na sindano dirishani. Mbuzi wakaanza kunyanyuliwa, mmoja mmoja, hadi kimo cha dirisha. Mnyanyuaji mkuu nani? Mimi. Wa thelathini na nne alinikojolea shingoni. Hakuna mbuzi aliyekosa chanjo. Hakuna mtu aliyenishukuru.

Mzee akafika na jeki mbili. Akainua fremu kidogo tu, mlango ukafunguka wenyewe. Akapapasa ile pembe iliyopasuka. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema nimechomelea vizuri, ila mahali pabaya.

Nimechomelea vizuri! Mwishowe amekiri.

Ijumaa, 21 Machi.
Daktari amempa Mzee kazi yake, na zile za wenzake watano pia. Nyumba yangu imekatwa kwenye pikapu na kutupwa mlangoni pangu. Mzee amenialika niende nitazame anavyoweka mipira. Nimekataa. Niko na shughuli. Sellah akauliza shughuli gani. Nimeacha kuzungumza naye tangu chai ya saa nne.

Jumapili, 23 Machi. Myanga.
Nangila, dada yake Sellah, ameichukua nyumba aweke kuku. Tumeikalisha kwenye sakafu ya saruji. Nikashika mlango. Ukafunguka! Nikafunga, nikafungua, mara kumi.

"Shemeji, wacha basi," Nangila akasema. "Kuku wanaogopa."

Hajui alichokishuhudia. Mlango hauna kosa! Chuma hakina kosa! Nimemwandikia Daktari papo hapo, kwa heshima zote, kwamba uchunguzi umekamilika: nyumba ni nzima, mlima ndio umepinda. Nikamshauri atafute mbuzi wanaoishi mahali tambarare.