Malalamiko ya Mkuu wa Kaya Kuhusu Kohozi Lililoandikwa kwa Jina Lake

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Utafiti wa Kifua Kikuu,
Kupitia kwa Muuguzi wa Zahanati ya Mtaa (ambaye naomba asiifungue).

YAH: KUPEWA UGONJWA USIO WANGU

Mheshimiwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, basi pole na kazi. Mimi ni fundi seremala, nyumba ya tatu kutoka bombani, karakana mbele na familia nyuma. Akili zangu ni timamu. Nimekasirika, lakini nitajitahidi nikasirike kwa adabu.

Miezi miwili iliyopita watu wako walikuja mtaani kupima ni watu wazima wangapi wana kifua kikuu. Niliwapokea vizuri, nikawapa viti vipya ambavyo vanishi yake ilikuwa haijakauka, na mmoja aliondoka na alama kwenye suruali bila kusema neno. Wakafungua daftari, wakauliza mkuu wa kaya ni nani. Nikasema ni mimi. Wakaandika. Naomba tuanzie hapo, maana yote niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa cheo hicho, mlichonipa ninyi wenyewe kwa wino.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maswali. Dada mwenye dodoso aliniuliza kama nimekohoa kwa wiki mbili au zaidi. Mimi binafsi sikohoi. Lakini mkuu wa kaya hajibu mambo yake binafsi, anajibu ya kaya, na ndani ya kaya yangu mke wangu alikuwa anakohoa kwa mwezi wa tatu mfululizo. Yeye ndiye anayepiga msasa, na vumbi la mbao halina adabu. Nikajibu ndiyo, miezi mitatu. Akauliza kama nimepungua uzito. Nikakumbuka gauni za mke wangu zinavyompwaya siku hizi, nikajibu ndiyo. Akauliza kuhusu kutokwa jasho usingizini, nikajibu ndiyo, shuka zetu zinaanikwa kila asubuhi. Dada akakitazama kitambi changu, akanitazama usoni, akaandika. Mke wangu saa hiyo alikuwa karakanani anamalizia kitanda cha mteja, na sikuona sababu ya kumsumbua. Kwenye mikutano ya mtaa namwakilisha, misibani namwakilisha, na ndugu zake wakija kumjulia hali mimi ndiye ninayewajibu kuwa hajambo.

2. Vikopo. Kwa majibu hayo nilipewa vikopo viwili vya kohozi, kimoja nikijaze hapo hapo, kingine kesho yake asubuhi. Nikaenda nyuma ya hema la wapimaji, nikajikamua mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Lo! Yakatoka mate matupu, na mate mlisema hamyataki. Sasa mtu mzima na ndevu zake atarudishaje kikopo kitupu mbele ya majirani waliopanga foleni? Nikasema nimesahau kofia, nikakimbia nyumbani. Mke wangu alikijaza pale pale amesimama, na cha asubuhi akakijaza hata chai haijachemka. Nilijivunia sana. Mke na mume ni kitu kimoja, hata mshenga wetu alisema hivyo siku ya ndoa.

3. Matokeo. Muuguzi alikuja, akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vijidudu vimeonekana katika vikopo vyote viwili. Nikamwambia kifua changu ni kizima, hata picha yenu ya kifua ilisema hivyo. Akasema picha haisemi kila kitu. Kwa upande wa siri sina lawama, mmeitunza vizuri. Mtaa mzima umejua kwa sababu nilikwenda kulalamika kwa kinyozi, na kinyozi ana wateja wengi. Siku hizi wananiita Vikopo. Mzee mwenzangu mmoja, niliyemchongea mlango miaka hiyo na haujapinda mpaka leo, sasa ananisalimia akiwa ng'ambo ya barabara.

4. Kuzidishwa. Hili ndilo lililoninyima raha. Mtakwimu wenu alitufafanulia mkutanoni kwamba hamuwezi kupima watu wote wa nchi, kwa hiyo sisi tuliopimwa tunasimama badala ya wengine. Mtaani kwetu walipimwa watu wazima mia tatu na kumi na wawili, akapatikana mgonjwa mmoja. Huyo ni mimi. Mkizidisha mnavyozidisha, mimi mmoja nakuwa maelfu! Mheshimiwa, mimi hata mafua sijawahi kumwambukiza mtu kwa makusudi. Naomba nifutwe. Nikifutwa, mtaa wetu unabaki na sifuri, na mtaa wa pili, uliopata sifuri na hatupumui kwa majigambo yao, utanyamaza. Kama kufuta ni kazi ngumu, basi ugonjwa ugawanywe kwa watu wote mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja apate kipande kidogo kisichodhuru. Na kama hilo nalo haliwezekani, na lazima niwakilishe maelfu ya watu, basi nipewe ofisi na kiti cha kuzunguka. Kiti nitatengeneza mwenyewe.

5. Kwenye karatasi mliyobandika kwenye ubao wa ofisi ya mtaa mmeandika kwamba mtu mzima mmoja aliyeandikishwa "hakufika". Majirani wameshahesabu kwa vidole wakajua ni mke wangu. Huo ni uzushi. Mke wangu alifika, tena mara mbili, ndani ya vikopo.

6. Dawa. Nilipewa vidonge vya miezi sita. Siumwi, lakini sipendi kumvunjia muuguzi heshima, na isitoshe mkuu wa kaya hawezi kukimbia dawa ya kaya. Wiki tatu sasa navimeza kila asubuhi, tumbo tupu, mbele ya macho yake, sijaruka hata siku moja. Mkojo wangu umekuwa na rangi ya soda ya machungwa. Na bado, Mheshimiwa, kikohozi cha mke wangu hakijapungua hata chembe! Kinazidi. Juzi alikaa chini katikati ya kazi, msasa mkononi, akashindwa kuinuka mpaka nikamshika. Hizo dawa zenu zichunguzwe. Haiwezekani mtu ameze vidonge kwa uaminifu kiasi hiki na nyumba isipone.

7. Muuguzi huyo huyo amekuja mara tatu akitaka kumwona mke wangu ana kwa ana. Anasema mgonjwa akipatikana, wote wanaoishi naye wapimwe. Mara tatu nimemjibu mlangoni kwamba mke wangu hajambo, ni vumbi tu. Mara ya tatu alichungulia juu ya bega langu. Je, ndiyo mafunzo wanayopewa?

Nasubiri majibu yako kwa maandishi, yenye mhuri. Nisalimie wapimaji wote, dada wa dodoso, fundi wa mashine ya picha, na dereva aliyepaki gari juu ya mbao zangu. Mke wangu naye anawasalimu sana. Sijamuuliza, lakini najua anawasalimu.

Ni mimi, mwenye kifua kizima,
Fundi Seremala,
Mkuu wa Kaya.

N.B. Macho yangu yamechoka, kwa hiyo barua zangu zote mke wangu hunisomea kwa sauti kabla hazijaondoka. Hii pia alinisomea leo asubuhi, akipumzika kila baada ya sentensi mbili. Kwenye vikopo alicheka. Alipofika kwenye dawa akaiweka barua chini. Nikadhani kikohozi kimembana, nikamletea maji, akayasukuma pembeni. Akaniuliza, "Baba watoto, kwa hiyo wiki tatu zote hizi ulikuwa unameza dawa zangu?"

 Nimejibu watu wengi sana kwa niaba ya mwanamke huyu, lakini yeye mwenyewe sikuwa na cha kumjibu. Ndipo akanionyesha kitambaa alichokuwa anakificha chini ya godoro, chenye damu, kwa sababu kila alipotaka kusema, mimi nilikuwa nimeshasema ni vumbi. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Malalamiko yote saba nayafuta. Msinipe ofisi. Haya nayaandikia magotini, kwenye benchi la zahanati. Muuguzi ametoka sasa hivi akaita mgonjwa anayefuata, na mimi kwa mazoea nikasimama. Mke wangu amenishika bega, akanikalisha, ameingia mwenyewe.