Giza Mno kwa Watoto

Jumatatu, 5 Mei 2025

Daktari amesema moyo wangu umetanuka. Hakuniambia mimi. Alimwambia binti yangu Tunu kwenye korido, lakini mlango wa chumba kile haufungiki vizuri. Amesema nirudi nyumbani Chamazi nikale ninachotaka. Nimefundisha miaka thelathini na minane. Najua maana ya kuambiwa nile ninachotaka.

Basi nina la kutubia kabla sijaondoka. Naliandika hapa kwanza, kwa mazoezi.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na nikisoma miswada kwa ajili ya shirika moja la uchapishaji. Mdogo wangu Hamdiya, miaka kumi na tisa, alinipa daftari la hadithi yake nilipeleke. Hadithi ya mji ambao jua lilitolewa kwa mgao, saa moja kwa kila mtaa. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika mimi. Na mwezi ule mswada wangu mwenyewe ulikuwa umekataliwa.

Sikulipeleka. Nilikaa nalo wiki tatu, kisha nikamwambia Hamdiya kwamba shirika wamesema ni giza mno, watoto wataogopa. Hakuandika tena. Daftari liko chini ya godoro langu. Nimehama nalo nyumba nne.

Kuandika ni rahisi. Kumwambia ni habari nyingine. Hamdiya yuko Kurasini, ana miaka sabini na moja, na atakuja Ijumaa kunijulia hali. Siku nne. Zinatosha.

Jumanne, 6 Mei

Balaa. Mjukuu wangu Salsabil anaandika riwaya.

Amemaliza kidato cha nne, anasubiri kupangiwa shule. Kumbe kuna shindano la riwaya za vijana, mwisho wa kupokea ni Jumamosi. Leo amenisomea. Dar es Salaam ya miaka mia ijayo. Bahari imemeza Kurasini. Waliobaki wanaishi kwenye vilima vya Pugu, na kila mtu hupewa maneno mia moja kwa siku. Ukiyamaliza unanyamaza mpaka alfajiri. Yuko mzee mmoja anaitwa Mpimaji, mwenye rejista ya maneno ya watu. Huyu Mpimaji alimwandika dada yake kuwa bubu, ili mgao wa dada uwe wake. Mwishoni anakufa, na hakuna anayekubali kutumia hata neno moja kumsamehe.

Nilimuuliza kayatoa wapi haya. Akasema, kichwani tu, Babu. Nimekagua godoro. Daftari lipo, na vumbi lake halijaguswa.

Nikamwambia ni giza mno kwa vijana. Akacheka. "Babu, giza ndiyo ishu yenyewe. Sie tunaishi humohumo. Tukisoma tunaona angalau kuna mtu katuona."

Nikiwa nakunywa dawa za jioni, mpango ukanijia. Mpimaji asamehewe kitabuni. Hamdiya asikie Ijumaa, atikise kichwa, aseme masikini, mzee yule alistahili kusamehewa. Hapo nitakuwa nimesamehewa bila kumsumbua mtu.

Jumatano, 7 Mei

Salsabil hanisikilizi mimi. Anamsikiliza Gozbert.

Gozbert ni jirani yetu, mwalimu mstaafu wa jiografia. Ndiye aliyemchorea ramani ya mji wake. Amesoma sura zote kabla yangu! Nimeiona ramani. Nyumba yangu iko chini ya maji mita mbili. Yake, ng'ambo ya njia, ni kisiwa. Nilimuuliza kwa adabu maji yalishindwaje kuvuka njia ya miguu. "Mwinuko, Mwalimu Zahor, mwinuko. Mambo haya yanataka mtu aliyesoma."

Nilimeza hasira. Nikamwomba amshauri Salsabil amsamehe Mpimaji, kwa hoja za kijiografia kama anazo. Akakubali, ila kwanza nikiri kwamba ramani ni sahihi. Nikakiri. Nimezama kwa hiari yangu.

Jioni Salsabil akaja kunipa taarifa. Mwalimu Gozbert kamwambia asiuguse kabisa mwisho wa kitabu. Kamwambia pia kwamba babu yake ana kitu kinamsumbua, amuulize.

Nilimwambia ni gesi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimechukua hatua mwenyewe.

Sura zote zimekwisha kuchapwa isipokuwa ya mwisho, ambayo bado iko kwenye kaunta buku lake. Alipokwenda sokoni na mama yake, nililichukua. Nikatoa kalamu yangu nyekundu. Miaka kumi na tisa tangu nistaafu, na mkono bado unaijua kazi. Nikafuta kifo cha upweke. Nikaandika pembeni, kwa mwandiko mzuri, nini kiwekwe mahali pake.

Kisha nikajikokota hadi stesheneri ya Mauwa, anayemchapia sura zake. Ni nyumba sita tu. Nilipumzika mara mbili, mara moja juu ya matofali ya watu. Mauwa akaniamkia, akaniuliza kama achape kila kilichoandikwa. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si mtu wa kuandika kisichostahili kuchapwa.

Nimerudi nimevimba miguu, lakini nina furaha. Tunu kaniuliza nacheka nini. Gesi.

Ijumaa, 9 Mei

Hamdiya alikuja baada ya sala na bakuli la visheti. Amekonda. Akaniambia mie ndiye niliyekonda.

Salsabil alikuwa ametoka kuchukua karatasi zake kwa Mauwa. Akakaa mkekani kumsomea bibi yake sura ya mwisho. Mimi nikafumba macho kama mgonjwa, nisikie vizuri.

Akasoma: "Mpimaji alimtazama dada yake giza mno akafungua kinywa futa hii akasema weka matumaini hapa mtoto asome alale."

Mauwa alichapa kila kilichoandikwa.

Salsabil akafungua kaunta buku, akaona wekundu. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akalala chali. "Babu! Yaani Mpimaji anakata roho, bado anasahihisha watu! Hii siitoi. Nampa na kalamu nyekundu kabisa. Alikuwa hana kalamu, ndiyo maana alikuwa hajakaa sawa."

Hamdiya hakucheka. Alisema naye zamani aliandika mji wa namna hiyo, wa jua la mgao. Shirika wakaona ni giza. "Babu yako huyu ndiye aliyeniletea habari. Alininunulia sambusa, akakaa jikoni akilia nami mpaka nikanyamaza. Wema ule sijausahau." Akanishika mkono.

Salsabil akauliza daftari liko wapi. Bibi yake akasema walibaki nalo haohao wa shirika. Salsabil akamuuliza, je, kawasamehe?

"Nimsamehe nani, mwanangu? Sura zao sizijui. Ningemjua hata mmoja, ningemuuliza jambo moja tu, kama alilisoma mpaka mwisho."

Nimelisoma mpaka mwisho mara kumi na moja.

Walikuwa wananitazama wote wawili. Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu, mkavu, mwepesi. Nikafungua kinywa. Nikasema sambusa zile zilikuwa za nyama.

"Za nyama," akasema Hamdiya. "Unakumbuka, kaka."

Jumamosi, 10 Mei

Salsabil ametuma riwaya yake. Mpimaji anakufa bila msamaha, kalamu mkononi.

Sikulala vizuri. Asubuhi nimekaa mezani nikamwandikia Hamdiya barua ya kweli. Kurasa tatu. Kwamba shirika halikuliona daftari lake kamwe. Kwamba nilikuwa na kijicho, na kwamba machozi yangu pale jikoni yalikuwa ya hofu. Kwamba nililisoma mpaka mwisho, na mtoto anayegawana dakika zake za jua na mama yake kipofu sijampata tena katika kitabu chochote. Salsabil ataipeleka kesho pamoja na daftari.

Kifua kimekuwa chepesi. Nimekula maandazi mawili.

Jumapili, 11 Mei

Nimeipitia barua kabla ya kuifunga. Mazoea ya kazi.

Inaanza "Nilikudanganya." Ni mwanzo mkali kwa mwanamke mwenye presha. Nimeufuta. Aya ya kijicho inamhuzunisha msomaji bila sababu. Nimeifuta. Jikoni, machozi, giza tupu. Nimefuta. "Nililisoma mpaka mwisho" niliiacha muda mrefu, nikaitazama. Lakini mengine yalipoondoka ilibaki inaning'inia, haina pa kushikia. Nimeifuta nayo.

Nimeinakili upya kwenye karatasi safi: "Mpendwa Hamdiya, assalaam aleikum. Visheti vilikuwa vizuri. Kaka yako, Zahor."

Daftari nimelirudisha chini ya godoro. Masika haya, lingeloa njiani.

Salsabil aliipima bahasha mkononi, akasema mbona nyepesi, Babu. Nikamwambia barua nzuri huwa fupi. Ameshatoka, nimemsikia akifunga geti.

Inasomeka vizuri. Haitamtisha mtu.